Picha Zinazocheza na Prosesa Inayochoka

Stika ya Telegram inayocheza ina uzito wa kilobaiti 20 hadi 30 hivi. Barua ya maombi ya kazi iliyoskaniwa, kurasa mbili tu, aghalabu huwa mara kumi ya hapo au zaidi. Ukiuliza kipi kati ya hivyo viwili kinaielemea kompyuta, karibu kila mtu ataitaja barua. Hawana kosa. Bando limetufundisha kupima kila kitu kwa megabaiti, maana megabaiti ndizo tunazonunua na ndizo zinazotuishia katikati ya wiki. Lakini barua ikishafunguka kwenye skrini, kazi imekwisha: prosesa imeichora mara moja na imetulia. Stika ndiyo kwanza inaanza kazi pale inapofunguka, na kama hakuna anayeizuia, haitamaliza.

Uzito wa faili ni jambo moja, uzito wa kazi ni jambo jingine. Kwa mtu mwenye kompyuta mpya ofisini, tofauti hiyo haionekani. Kwa mwenye steshenari Musoma, Bunda au Butiama, ndiyo inayoamua kama mteja atasubiri dakika moja au atahamia duka la pili.

Pita barabara ya Mukendo mjini Musoma, au zunguka karibu na stendi ya Bunda, utazikuta steshenari hizo: kompyuta moja au mbili za mtumba, printa, mashine ya kutoa kopi, na tangazo lililobandikwa mlangoni. Wanachapa, wanatoa kopi, wanalaminisha, wanajaza maombi ya mkopo wa HESLB, wanatafuta nafasi kwenye Ajira Portal, wanashughulikia vyeti vya RITA. Mteja hatembei na flashi siku hizi. Anasimama dirishani na simu mkononi, anaomba namba, anarusha faili kwa WhatsApp. Kwa hiyo WhatsApp ya kompyuta inafunguliwa asubuhi pamoja na mlango na kufungwa jioni pamoja na kufuli. Mazungumzo yanayosikika pale ni ya kila siku:

“Shikamoo mama. Nimekutumia CV, naomba kopi tano.”

“Marahaba baba. Subiri kidogo, mashine imeganda.”

Namba hiyo ya WhatsApp ni ya biashara, lakini ni ya mama pia. Imo kwenye kundi la ukoo, kikoba, kwaya, kamati ya harusi, michango ya msiba. Kuanzia saa kumi na mbili asubuhi maua yanafunguka, mishumaa inawaka, mioyo inadunda, njiwa wanaruka. Simlaumu anayetuma. Mtu aliyeko Dar es Salaam anayemrushia shangazi yake wa Bunda ua linalochanua kila alfajiri anatunza undugu kwa njia aliyo nayo, na undugu una haki ya kuwa na rangi na mwendo. Tatizo liko kwingine, kwenye namna mashine inavyoubeba ujumbe huo baada ya kufika.

Kompyuta inapoganda, maelezo huwa matatu: kuna virusi, RAM ni ndogo, au umeme ni mdogo. Fundi ataitwa, atapiga Windows upya, atalipwa. WhatsApp ikiunganishwa tena na lile kundi la ukoo likaachwa wazi kwenye skrini, feni itaanza kunguruma upya.

Ili kuona kwa nini, tuanze na GIF, kwa sababu ndiyo mzee wa ukoo wa picha zinazocheza. Kampuni ya Marekani iitwayo CompuServe iliitoa mwaka 1987, kazi ikiongozwa na Steve Wilhite, wakati ambapo modemu za simu zilikuwa za taratibu mno. Lengo lilikuwa kuibana picha ili ipite kwenye waya mwembamba. Kila fremu hubeba rangi zisizozidi 256, na data yake hubanwa kwa njia ya LZW, ambayo herufi zake zinatokana na majina ya Lempel, Ziv na Welch. Toleo la 1989 liliongeza uwezo wa kuweka muda kati ya fremu moja na nyingine, muda unaopimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde. Kisha kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 kikaongeza kipengele kidogo kilichobadilisha mambo: namba inayosema picha irudie mara ngapi. Ukiandika sifuri, maana yake irudie bila kikomo. Sifuri hiyo ndiyo iliyomo katika GIF nyingi sana tunazotumiwa hadi leo.

Angalia sasa kinachotokea ndani. Chukua GIF ya kawaida, upana pikseli 480 na urefu pikseli 270. Fremu moja ina pikseli 129,600. Ili ionekane kwenye skrini, kila pikseli huhitaji baiti nne kwenye kumbukumbu, kwa hiyo fremu moja iliyofunguliwa inachukua zaidi ya nusu megabaiti. Ikiwa na fremu 50, picha nzima inakaribia megabaiti 26, ingawa faili lililokuja kwa bando huenda lilikuwa megabaiti moja tu. Programu ina njia mbili. Inaweza kuzihifadhi fremu zote zikiwa wazi na kuimeza RAM, au inaweza kuzifungua upya kila zamu ya mzunguko na kuichosha prosesa. Mashine yenye RAM ya gigabaiti nne, ikiwa na makundi matano na kivinjari juu yake, haina raha katika njia yoyote kati ya hizo.

Na GIF haina njia ya mkato. Mara nyingi fremu ya kumi hubeba sehemu iliyobadilika tu, ikipakwa juu ya fremu ya tisa, nayo ya tisa juu ya ya nane, kwa hiyo huwezi kurukia katikati kirahisi. Isitoshe, kompyuta haina chipu maalumu ya kufungua GIF. Video ina bahati hiyo. Prosesa za Intel Core za kizazi cha pili, zilizotoka mwaka 2011, zilikuja na sehemu maalumu ndani yake ya kufungua video za H.264, na prosesa yenyewe ikabaki na nafasi ya kupumua. Ndiyo maana ukituma GIF kwa WhatsApp, programu huigeuza kuwa video fupi ya MP4 isiyo na sauti. Unaiita GIF, unaiona kama GIF, lakini ni video. Ulikuwa uamuzi mzuri, na umewasaidia watu wengi wenye vifaa vya kawaida.

Stika hazikupata nafuu hiyo. Zile zinazocheza za WhatsApp zilikuja mwaka 2020, nazo ni faili za WebP zenye pikseli 512 kwa 512 na uzito usiozidi kilobaiti 500. Hizo kwa kawaida hufunguliwa na prosesa yenyewe, fremu kwa fremu. Stika za Telegram zinazocheza, zilizoanza Julai 2019, zina akili zaidi na pia zina mtego zaidi. Hazibebi picha hata moja. Zinabeba maelekezo: chora duara hapa, lipake njano, lisogeze kulia, lizungushe kidogo. Ni kama kutumiwa maelekezo ya mapishi badala ya chakula chenyewe: mzigo wa njiani ni mwepesi, ila kuni na moto ni vya anayepokea. Ndiyo siri ya zile kilobaiti 20 au 30. Kila fremu inachorwa papo hapo kutoka kwenye maelekezo, na stika ya mwendo kamili ina fremu 60 kwa sekunde. Pikseli 512 kwa 512 mara 60 ni zaidi ya pikseli milioni 15 kila sekunde, kwa stika moja. Wahandisi wa Telegram walilijua hilo, na programu yao ya kompyuta huhifadhi fremu zilizokwisha kuchorwa ili zisichorwe tena na tena. Hata hivyo mchoro wa kwanza lazima ufanywe, na kundi lenye stika nane tofauti kwenye skrini moja lina michoro ya kwanza minane.

Hapo bado hatujaigusa programu yenyewe, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, mzigo mkubwa ulipo.

Programu nyingi za kuchati za kompyuta si programu kwa maana ya zamani. Ni kivinjari kizima kilichofichwa ndani ya dirisha. Mwaka 2013 kampuni ya GitHub ilianzisha mradi ambao baadaye uliitwa Electron, unaochukua moyo wa kivinjari cha Chromium na kuufanya gamba la programu yoyote. Slack na Discord zimejengwa juu yake. Microsoft Teams ya mwanzo ilijengwa hivyo pia. WhatsApp ya kompyuta ilitoka mwaka 2016 kwa njia hiyohiyo, ikaandikwa upya mwaka 2022 ili iwe nyepesi kwenye Windows, kisha mwishoni mwa 2025 kampuni inayoimiliki, Meta, ikaanza kuirudisha kwenye msingi wa kivinjari. Kwa kampuni, faida ni ya wazi: unaandika mara moja, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na kwingineko. Gharama yake inabaki kwenye meza ya mtumiaji.

Kivinjari kikiona kitu kinachotembea, kinajiandaa kuchora skrini kwa mwendo wa mara 60 kwa sekunde, kwa sababu skrini nyingi zinapokea picha kwa mwendo huo. Skrini ya kompyuta mpakato nyingi za mtumba ina pikseli 1366 kwa 768, yaani zaidi kidogo ya milioni moja. Ikibidi ichorwe yote mara 60, hizo ni takriban pikseli milioni 63 kwa sekunde. Chipu ya michoro ikiwa nzima na dereva wake umewekwa vizuri, itaifanya kazi hiyo bila kelele. Dereva ukikosekana, jambo la kawaida sana baada ya Windows kupigwa upya haraka haraka, kazi yote inaiangukia prosesa.

Mfano mmoja ulijadiliwa sana na waandishi wa programu mwezi Machi 2017. Programu ya kuandikia msimbo ya Visual Studio Code, iliyojengwa juu ya Electron, iligundulika inatumia asilimia 13 ya prosesa (CPU) ikiwa haifanyi lolote. Hakuna faili lililokuwa likisomwa, hakuna mtu aliyekuwa akiandika. Kilichokuwa kikifanya kazi ni kile kijistari kinachowaka na kuzima kuonyesha mahali pa kuandika. Kijistari hubadilika mara mbili tu kwa sekunde, lakini kwa jinsi kilivyoandikwa, kivinjari kilikuwa kikiandaa fremu mpya mara 60 kwa sekunde. Dawa yake ilikuwa fupi: kionyeshe na kukificha kwa saa ya kawaida badala ya kukifanya picha inayocheza. Kijistari chembamba kama unywele kilifanya hayo kwenye mashine za watu wanaolipwa kuandika programu. Moyo unaodunda, mkubwa kama kiganja, kwenye mashine ya mwaka 2010 pale Nyasho, Musoma, utafanya zaidi.

Hasara yake kwa fedha? Tuseme prosesa inayohangaika na picha inaongeza wati 20, kwa saa kumi za kazi. Hizo ni uniti 0.2 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni uniti 5.2, na kwa bei ya biashara ndogo ya zaidi ya shilingi 350 kwa uniti pamoja na makato, ni kama shilingi 1,900 za LUKU. Haifilisi duka. Nimeipiga hesabu hiyo ili isichukuliwe kuwa ndiyo sababu ya kujali.

Sababu ya kujali ni joto na muda. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Musoma iko ufukweni, na jioni wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa kwa makundi. Wanaingia madukani, wanafia kwenye matundu ya feni, vumbi linawafunika. Feni iliyoziba haipozi, prosesa inapunguza kasi, na ile stika inayotaka fremu 60 inaendelea kudai fremu 60. Mteja wa CV anasimama kwenye foleni nyuma ya moyo unaodunda. Umeme ukikatika, ile UPS ambayo ingekupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu inakwisha mapema, kwa sababu mashine inavuta zaidi. Kwenye vijiji vya Butiama ambako kompyuta mpakato inategemea betri na paneli ya sola, mawingu ya mchana mmoja yanatosha kuonyesha nani anakula chaji.

Na ukifika Butiama kwenyewe, Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere na ambako kuna jumba la makumbusho la maisha yake, kuna jambo la historia la enzi za utawala wake linalostahili kukumbukwa. Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake katika kutunza hesabu za serikali yalikwenda vibaya na kwa gharama kubwa ya fedha za kigeni, na mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilohilo liligusa televisheni; Tanzania Bara ilikaa hadi mwaka 1994 ndipo ikapata kituo chake cha kwanza. Mimi naona zuio lilituchelewesha, na vizazi vya mafundi na wahasibu vilikosa shule ambayo majirani waliipata. Lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa swali halali: mashine hii inamfanyia nani kazi, na gharama yake anabeba nani? Likiulizwa leo juu ya programu za kuchati, jibu lake halipendezi. Programu inaandikwa na kujaribiwa kwenye kompyuta za mwaka huu, katika ofisi ambako umeme haukatiki, kisha inatumwa kwa kila mtu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zinazotumika mkoani Mara hazina sifa za kupokea Windows 11. Zitaendelea kufanya kazi kwa miaka, kwa sababu wenyewe hawana nyingine. Anayeandika programu ya kuchati bila kuzifikiria mashine hizo anawaandikia watu wachache.

Kinachowezekana dukani ni hiki. Kwanza thibitisha. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Gusa kichwa cha safu ya CPU ili anayekula zaidi apande juu. Usome namba kwa uangalifu: kwenye prosesa yenye viini vinne, asilimia 25 maana yake kiini kimoja kimejaa kabisa, na kwenye yenye viini viwili ni asilimia 50. Programu ya kuchati ikikaa karibu na namba hizo huku hakuna anayeandika, iteremshe dirisha lake chini na uangalie. Kivinjari kwa kawaida huacha kuchora dirisha lisiloonekana, kwa hiyo namba ikianguka papo hapo, umempata mhusika. Irudishe juu, fungua mazungumzo yenye maandishi matupu badala ya kundi la stika. Ikibaki chini, huna shaka tena.

Kisha zima mwendo pale programu inapokuruhusu. Slack ina swichi ya kuzuia picha na emoji zinazocheza, kwenye mipangilio ya ufikivu. Discord ina swichi ya GIF na ya emoji mahali kama hapo. Telegram iliongeza mwaka 2023 mpangilio wa kuokoa nguvu, na kwenye kompyuta unaweza kuzima stika, emoji na madoido kimoja kimoja. Kwa mashine ya zamani, kizime chote. Windows yenyewe ina swichi ya kuzima madoido ya mwendo, na baadhi ya programu huitii. Kwa WhatsApp dawa nyepesi ni mazoea: ukimaliza kusoma kundi la ukoo, bofya mazungumzo ya mteja wa mwisho, kwa kuwa kinachochorwa ni kile kilichofunguliwa kwenye skrini. Dawa bora zaidi ni kuwa na laini ya pili ya duka, isiyo kwenye kundi lolote. Mama ataendelea kupokea maua yake kwenye simu, nayo kompyuta ya duka itapokea CV.

Baada ya hapo safisha feni kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, na uhakikishe dereva wa chipu ya michoro ni ule wa mtengenezaji. Kwenye Task Manager ya Windows 10 na kuendelea, mashine nyingi huonyesha kipimo cha chipu hiyo, yaani GPU. Stika ikicheza na kipimo hicho kikabaki sifuri huku CPU ikipanda, huenda dereva haupo au haufanyi kazi. Na kama umefanya yote hayo, dirisha la kuchati limefungwa kabisa, na mashine bado inaganda kila ukifungua faili, basi iache prosesa na utazame safu ya diski kwenye dirisha hilohilo. Ikisoma asilimia 100 kwa dakika nzima, tatizo lako ni diski ngumu ya zamani.